UFUNDI SI ADHABU YA WALIOSHINDWA

Bwana Mtengenezaji,

Naomba nafasi katika gazeti letu la Chama nipate kuwaambia wenzangu watumishi neno moja ambalo huenda likawachoma wengine, walakini halina budi kusemwa. Neno lenyewe ni hili: habari za elimu ya ufundi huwafikia wanafunzi wetu wa Keza, na wa Ngara na Biharamulo kwa jumla, zikiwa zimechelewa, na zikiisha kufika, huja kwa sauti ya pole, kama habari za msiba. Na wenye kuzichelewesha hawatoki ng'ambo. Zinachelewa katika mafaili ya ofisini, katika mbao za matangazo, na katika vinywa vya watu waliosoma.

Tafadhali tazameni kalenda. Mafunzo ya muda mrefu ya VETA aghalabu huanza mwezi wa Januari, na fomu za kuombea nafasi hutolewa miezi kadhaa kabla, mwaka ungali haujaisha. Mtihani wa Kidato cha Nne hufanywa mwezi wa Novemba. Matokeo yake hutangazwa Januari ikielekea kwisha: mwaka 2023 yalitoka tarehe 29, mwaka 2024 tarehe 25, mwaka 2025 tarehe 23. Basi mtoto wa Keza hukaa nyumbani Desemba na Januari akingoja, na akiisha kuona ya kuwa hakupata alama za kumpeleka Kidato cha Tano, ndipo mjomba wake aliye karani humwambia, "Haya, jaribu basi ufundi." Mlango anaoonyeshwa umekwisha fungwa kwa mwaka ule. Atakaa mwaka mzima akichunga mbuzi wa watu na kusukuma baiskeli za ndizi, na mwaka mmoja wa kukaa bure kwa kijana wa miaka kumi na minane si kitu kidogo. Wengi wakikaa mwaka huo hawarudi tena darasani la namna yo yote.

Nasema basi kwamba shauri la ufundi litolewalo siku ya matokeo si shauri. Ni namna ya kumwondoa mtoto mlangoni kwa adabu.

Na tusikilize maneno yenyewe. Yule aliyechaguliwa kwenda Kidato cha Tano huitwa "aliyefaulu". Yule aendaye kujifunza umeme huitwa "aliyeshindwa, lakini amepata pa kujishikiza". Mtoto akiingia karakana na jina hilo begani, atashika bisibisi kwa aibu, na aibu haifundishi mkono. Mwalimu wake naye, akiletewa kila mwaka wale tu ambao wengine wamewakataa, atakata tamaa. Kisha sisi tutasema, "Mwaona? Mafundi wa siku hizi hawajui kazi." Twapanda magugu, kisha twalalamika kwamba mavuno hayaliki.

Dharau hii ina asili yake, na si haki kuwacheka wazee walioianza. Mwaka 1922 Bwana Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha mjini Tanga Chama cha Watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika, kalamu ilikuwa ndiyo njia ya Mwafrika kupata mshahara wa mwezi na kusikilizwa mbele ya meza ya mkubwa. Wenye jembe walilipa kodi. Wenye kalamu waliiandika katika daftari. Wazee wetu wa Bugufi na Bushubi waliokwenda kwa miguu hata Buganda kulima mashamba ya watu waliiona tofauti hiyo kwa macho yao, nao wakasema, "Mwanangu na asome, asije akabeba mzigo kama mimi."

Tena mwaka 1924 ilipita katika Afrika ya Mashariki tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, nayo ikashauri kwamba elimu ya Waafrika ifuate maisha ya kijijini, yaani ukulima, afya na kazi za mikono. Shauri hilo lilikuwa na mema ndani yake. Walakini wasomi wetu wengi walilishuku, na walikuwa na sababu ya kulishuku; maana waliona ya kuwa wale waliowasifia watoto wa Kiafrika jembe na randa, watoto wao wenyewe waliwapeleka kusoma sheria na uganga. Ufundi uliletwa ukiwa umefungwa pamoja na ubaguzi, na mtu mwenye akili alitupa furushi zima.

Hata baada ya Uhuru mambo hayakunyooka mara moja. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika habari za Elimu ya Kujitegemea, akataka shule ziwe pia mahali pa kazi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 vikafunguliwa vituo vya ufundi vijijini kwa wale waliomaliza shule za msingi. Lakini vingi vilipungukiwa na zana na walimu. Mtoto alitoka nacho akijua jina la randa kuliko matumizi yake. Watu wakasema, "Ufundi wa Serikali ni kupoteza wakati." Sifa mbaya hukaa muda mrefu kuliko kosa lililoileta.

Basi, sababu ile ilikuwa na haki yake katika siku zile. Je, ingali na haki yake sasa? Nasema hapana, na nitatoa hoja zangu.

Hoja ya kwanza ni hesabu, na makarani ni watu wa hesabu. Kalamu haiwatoshi tena wote walioishika. Tangu mwaka 2016 ada iliondolewa hata Kidato cha Nne, na tangu mwaka 2022 ikaondolewa Kidato cha Tano na cha Sita. Hayo ni mema makubwa, wala hapana mwenye busara atakayetaka yarudishwe nyuma. Lakini viti vya ofisini havikuongezeka kwa kipimo cha madarasa. Mwezi wa Juni mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji ilitangaza nafasi 70, na watu zaidi ya 10,000 wakaitwa kufanyiwa usaili katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kana kwamba ni siku ya mpira. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596. Walioomba walipita laki moja. Mzazi anayemwambia mwanawe kwamba njia ni hiyo moja tu amemweka katika foleni, kisha amemficha urefu wake.

Hoja ya pili ni kazi zilizopo mbele ya macho yetu. Katika maporomoko ya Rusumo, hapa hapa wilayani Ngara, nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi, zimejenga pamoja kituo cha umeme wa maji cha megawati 80, na njia kubwa ya umeme imevutwa hata Nyakanazi katika Biharamulo. Umeme ukiisha kufika kijijini huhitaji mtu wa kuutandaza nyumbani, wa kutengeneza mashine ya kusaga, wa kufunga friji ya duka na pampu ya maji. Kama mtu huyo si kijana wa Keza, atatoka mbali, naye fedha atakayolipwa ataondoka nayo.

Na tazameni madarasa. Mwaka 2021 Serikali ilijenga madarasa 15,000 nchini kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, na katika mahali pengi kazi hiyo ilifanywa na mafundi wa huko huko kwa njia ya Force Akaunti. Waashi na maseremala wa vijijini ndio waliosimamisha kuta, wakapaua, wakatia milango. Kisha ndani ya darasa lililojengwa na fundi, mwalimu husimama mbele ya meza iliyotengenezwa na fundi, akawaambia watoto, "Msiposoma mtakuwa mafundi." Nawaomba mwalitafakari neno hilo.

Wako watakaonitajia nikeli ya Kabanga, iliyopewa leseni kubwa ya uchimbaji mwaka 2021, wakisema kwamba mgodi ndio utakaowaajiri vijana wetu. Mimi simwahidi mtoto mgodi. Migodi hufunguliwa na kufungwa kwa kufuata bei na wingi wa madini. Ule wa Buzwagi wa Kahama ulifungwa mwaka 2021. Lakini mchomeleaji hafungwi pamoja na mgodi. Akiondoka huko, ujuzi wake huondoka naye, na kesho atatengeneza madirisha ya nyumba, fremu za matrela na matangi ya maji. Ndiyo maana methali yasema, ujuzi hauzeeki.

Sasa nijibu maneno ya wapinzani, maana si haki kusema upande mmoja.

Wapo wasemao, "Ninyi mlioketi ofisini mwataka watoto wa maskini wawe mafundi, na watoto wenu wawe mabwana." Hili ndilo neno zito kuliko yote, na jibu lake haliwezi kuwa maneno. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Mtumishi asimamaye katika mkutano wa kijiji kuusifu ufundi, hali watoto wake wote watano amewaandalia chuo kikuu hata yule apendaye kufungua redio na kuifunga, huyo afadhali anyamaze. Wanakijiji hawaamini tusemayo. Hutazama tunakowapeleka wetu. Nao wana haki kufanya hivyo, kwa sababu babu zao walidanganywa kwa hotuba za namna hiyo hiyo.

Wengine husema, "Akiingia ufundi amefungiwa mlango wa elimu ya juu." Hili halina ukweli, na ni juu yetu kulisahihisha. Tangu sheria ya mwaka 1994 iliyoanzisha VETA, mafunzo ya ufundi stadi yamekuwa na ngazi, ya kwanza hata ya tatu. Na juu yake zipo ngazi za vyuo vya ufundi zinazosimamiwa na NACTVET, cheti, stashahada, hata shahada, kwa masharti ya kila chuo. Njia ni ndefu, lakini ni njia, tena mwenye kuipita hula jasho lake akiwa njiani. Na fundi aliyejifunza mtaani bila karatasi, VETA ina utaratibu wa kumpima ujuzi wake na kumpa cheti. Mafundi wangapi wa Keza wamepata kuambiwa habari hizo?

Wengine husema, "Ufundi ni wa wavulana." Waambieni kwamba waya wa umeme haujui kama mkono ulioushika ni wa kike au wa kiume, hujua tu kama mkono huo umefundishwa. Msichana akipelekwa cherehani kwa kuwa ameipenda, ni vyema. Akipelekwa kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha kitu kingine, amenyimwa uchaguzi wake.

Na wengine husema, "Nchi kubwa zote zimeendelea kwa vyuo vikuu." Uswisi yapata theluthi mbili ya vijana wamalizao shule ya lazima huingia katika mafunzo ya kazi, siku kadhaa za juma kazini na siku nyingine darasani. Sijasikia mtu akisema kwamba Uswisi ni nchi ya walioshindwa.

Lipo lawama moja ambalo nakubaliana nalo kabisa, nalo ni hili: kwamba nchi inausifu ufundi kwa mdomo na kuulisha kwa kijiko kidogo. Waajiri hutozwa kodi ya kuendeleza ujuzi. Mwaka 2013 kiwango chake kilishushwa kuwa asilimia tano ya mishahara, kikashuka tena kidogo kidogo hata kufika asilimia tatu na nusu mwaka 2023. Na kwa miaka mingi katika fedha hiyo, iliyotozwa kwa jina la ujuzi, VETA imepewa theluthi moja tu. Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi mwaka 2005 iliwekwa kwa ajili ya wanafunzi wa elimu ya juu. Hata mwaka wa masomo 2023/2024 ndipo mlango ulipofunguliwa kidogo kwa stashahada za masomo yaliyochaguliwa. Maana yake mtoto wa maskini aliyetaka shahada alikuwa na mahali pa kukopa, na mtoto wa maskini aliyetaka kujifunza uchomeleaji aliambiwa auze mbuzi. Tena chuo cha mkoa cha VETA, kizuri sana, kilichofunguliwa Oktoba 2022 kwa msaada wa Serikali ya China, kipo Burugo karibu na Bukoba. Na kutoka Keza kwenda huko ni safari ya kutwa na nauli isiyo ndogo. Mambo hayo Chama chetu kina haki na wajibu wa kuyaandikia wakubwa, kwa adabu na kwa nguvu, kila mwaka mpaka yasikike.

Na jambo hili lina haraka kwa sababu mpya. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025, imeweka njia mbili katika shule za sekondari: mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na baadhi ya shule zilianza mkondo wa amali tangu mwaka 2024. Jina ni zuri, maana amali ni kazi ya mtu na stadi yake. Lakini jina halitoshi. Ikiwa walimu wakuu watawatia katika mkondo huo wale wa mwisho darasani, na wale wa kwanza wakawabakiza katika mkondo wa jumla, basi kabla ya miaka kumi kupita neno "amali" litakuwa tusi, kama yalivyofanywa mengine kabla yake. Nasi hatutapata nafasi ya tatu.

Kwa hiyo naleta mbele ya wanachama mashauri manne, yasiyohitaji bajeti ya mtu ye yote.

Kwanza, tangazo la VETA, la chuo cha maendeleo ya wananchi, au la chuo cho chote cha ufundi kilichosajiliwa, lisilale katika trei ya karani hata siku moja. Siku lifikapo libandikwe ofisi ya kata, shuleni, zahanati, na kwenye milango ya nyumba za ibada. Karani alifupishe kwa maneno yanayosomeka: masomo gani, ada kiasi gani, fomu zapatikana wapi, siku ya mwisho lini. Hiyo ni kazi yetu hasa. Hapana mwingine wa kuifanya.

Pili, wanafunzi waambiwe habari hizi tangu Kidato cha Pili, wakati hakuna aliyeshindwa na hakuna aliyefaulu, ili achague mwenye kuchagua. Mwerevu wa hisabati aambiwe kwanza, wala si mwisho, maana umeme na mitambo vinahitaji hisabati yake.

Tatu, shule zikialika wageni, zialike na mafundi. Fundi aketishwe safu ya mbele pamoja na Afisa Mtendaji na wageni wengine wa heshima, aseme mwenyewe alipata nini na alitaabika wapi. Asiombwe kusema uongo. Aseme habari za wateja wasiolipa, za zana ghali, na za miezi isiyo na kazi. Mtoto aliyeambiwa ukweli wote huchagua kwa miguu miwili. Aliyeambiwa nusu hurudi nyumbani akilaani.

Nne, tuwalipe mafundi kwa wakati. Ofisi inayoagiza madawati Machi na kulipa Desemba imewafundisha watoto wa fundi yule somo ambalo hakuna hotuba itakayolifuta. Na makarani wa halmashauri wanaoshika mafaili ya mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, ambayo kwa sheria sehemu nne kati ya kumi ni za vijana, wasiwape waombaji wa ufundi fomu tu. Wawaonyeshe namna ya kujiunga katika kikundi na kuomba zana. Fundi asiye na zana ni sawa na karani asiye na wino.

Sisemi vyuo vikuu vifungwe, wala sisemi mtoto mwenye hamu ya uganga au sheria arudishwe nyuma. Mwenye mguu wa njia hiyo na aende, tena tumsaidie. Nasema tu kwamba njia mbili zikionyeshwa kwa wakati mmoja na kwa heshima moja, mtoto huchagua. Ikionyeshwa moja asubuhi na ya pili jioni baada ya mvua, mtoto hakuchagua kitu, amesukumwa.

Fomu za mwaka ujao zitafika ofisini kwetu kama zilivyofika mwaka huu. Kila mmoja na atazame trei yake.

Wasalaam,

Mimi mwanachama mwenzenu,
KARANI WA KEZA